Nyama Ambayo Msimamizi Hakuila

Kaka yangu alifia chini ya ukuta wa stoo ya bustani, kijiti cha nyama kingali mkononi. Alitapika, akakaa, akaniambia, "Moyo wanienda mbio, halafu wasimama kunisubiri." Nikamwekea kiganja kifuani. Ulipiga, ukasita, ukapiga. Nikangoja pigo jingine, halikuja. Mimi mwenyewe nilikuwa nikitapika. Msimamizi wetu alikuwa mlangoni, mikono nyuma. Hakusogea.

Ilikuwa Kisauni, miaka ile vita vya wazungu vimekwisha. Memsahibu tuliyemfanyia kazi alikuwa na kichaka cha miiba alichokileta kutoka Afrika Kusini, cha kutambaa chini, chenye maua meupe kama nyota. Akataka kiwe mti. Kazi yetu mimi na kaka ilikuwa kubebesha: unachukua shina lililonyooka, refu kufika kifuani, unalikata kichwa, unalipasua, unachomeka kikonyo cha kile kichaka, unafunga kwa ukindu na kupaka nta. Kikonyo kikishika, hakina ardhi ya kutambaa tena, basi huning'inia pande zote kama nywele.

"Memsahibu hapendi hata mti umtazame machoni," kaka akasema. Tukacheka.

Mara ya kwanza tulitumia mashina ya mtandamboo wa porini, maana ni jamaa wa kile kichaka. Yalikuwa membamba, yamepinda, na upepo wa mkono wa bahari ukayavunja. Memsahibu akamgombeza msimamizi mbele yetu: wageni wanakuja Pasaka, na njia ya bustani ikiwa bado haina miti, atafute kazi kwingine. Tangu siku ile yule mtu hakucheka tena.

Alikuwa mtu wa kwetu, wa bara ya Kaloleni. Akaenda huko peke yake na mkokoteni, akarudi na mashina mazuri, manene, yamenyooka. Akayapanda nyuma ya ua wa makuti, akawa anayamwagilia mwenyewe. Sisi hatukuruhusiwa kuingia. Asubuhi ya kubebesha tukakuta ameshapukusa majani yote, anayachoma shimoni.

"Ni majani ya nini hayo, mzee?" kaka akauliza.

"Ya mti. Wataka kuyapika mchicha?"

"Na mbona mashina hayana miiba kama mtandamboo?"

"Nimeikata, msije mkanililia. Fanyeni kazi."

Tukafanya. Vichwa tulivyovikata vikabaki chungu nzima, vijiti laini vilivyonyooka. Jioni memsahibu alikuja akatazama, akafurahi, akatuletea mguu wa mbuzi kutoka jikoni kwake. Nyama ilikuwa ya shida wakati ule. Kaka akaokota vijiti katika lile rundo, akavichonga ncha, akatunga nyama. Msimamizi alikuwa pale pale anamtazama akichonga.

"Mzee, karibu," kaka akamwita.

"Kuleni. Mimi tumbo lanisumbua leo."

Mimi sikuwa na subira ya kuchonga, nikatupa zangu juu ya makaa. "Huyu mdogo wangu ala majivu," kaka akasema, akanichomolea kipande kimoja kutoka kijiti chake. Nikala. Kipande kile kimoja kilinilaza mpaka nikasahau siku.

Daktari akaandika nyama mbovu. Muuza nyama wa Kongowea akafukuzwa kwenye meza yake. Lakini mpishi wa memsahibu alikula mguu mwingine wa mbuzi yule yule, na wanawe wakala, na wote wazima. Nani alimuuliza mpishi? Hakuna.

Mvua ziliponyesha, shina moja likachipua chini ya pale tulipofunga. Nikaliona jani: zito, linang'aa, la kijani cha giza. Mtu wa kwetu hakosi kulijua jani lile. Ni mutsungu, mti unaochemshwa kuwa sumu ya mishale. Hata mwiko wa kukorogea uji hauchongwi kwake. Ndiyo sababu aliyachoma majani, maana tungeyaona tungekataa kazi.

Nikampelekea msimamizi lile jani. Akalichukua mkononi mwangu, akalisokota, akalitia mfukoni. "Chipukizi la chini hulinyima la juu," akaniambia. "Likiota, ling'oe." Nikamwendea memsahibu. Akasema miti imependeza, nisimharibie. Naye namtia katika hesabu ya kifo kile, na daktari pia. Lakini hao wamekwenda kwao.

Wewe, mzee, hukwenda. Una nyumba Mjambere, na Jumapili wakaa benchi la mbele kanisani. Sikuulizi kwa nini uliileta miti ile. Uliogopa kufukuzwa, na mimi najua kuogopa kufukuzwa. Nakuuliza hili tu: ulimwona kaka yangu akichonga, akakuita kwa heshima uje ule, ukasema tumbo. Neno moja tu lingemtosha. Simama kwenye benchi lako, mjane wa kaka akikusikia, uniambie kwa nini hukulisema.