Paa la Nyasi la Mama Lucia

Otilia alifanywa urithi wa taifa siku ya Jumatatu, akiwa uani anachambua maharage, na hakuna aliyemuuliza kama anataka.

Walikuja wawili. Mbele alikuwa Evaristi, mwenyekiti wa kitongoji, ambaye siku hizi alikuwa amejiongezea uenyekiti mwingine, wa Kamati ya Utamaduni na Wageni. Nyuma yake alikuwa Amos, kijana wa Malangali, pale Sumbawanga mjini, anayepandisha watalii milima ya Mbizi akiwa na buti zinazong'aa kuliko bodaboda yake.

"Shikamoo, Mama Lucia," alisema Amos.

"Marahaba, mwanangu. Kwema?"

"Kwema kabisa," alidakia Evaristi. "Mama Lucia, una bahati wewe! Njia nzima ya kwenda mlimani, nyumba ya nyasi imebaki hii yako tu. Wageni wanatoka mbali kuja kutafuta utamaduni, wanakuta mabati. Wanasikitika sana."

Otilia aligeuka akatazama mlango wake. Nyuma ya mlango ule yalikuwa yameegemezwa mabati mapya, aliyoyanunua moja moja kwa ulezi na maharage ya msimu baada ya msimu.

"Lakini mimi naezeka wiki ijayo, Mwenyekiti. Fundi nimeshamwambia."

"Ndiyo maana tumewahi," alisema Amos.

Evaristi mwenyewe alilala chini ya bati la bluu lenye migongo mipana, na dishi la televisheni juu yake. Huo, alieleza, ulikuwa mzigo wa uongozi. Lakini mwananchi wa kawaida ana nafasi ya kuishi kama mababu, na ni vibaya kuipoteza. Basi alimwomba Otilia asubiri kidogo tu, wageni wa mwezi wa saba wapite.

Sasa, ili mtu aelewe kusubiri kule kulimgharimu nini Otilia, lazima amjue marehemu Teodori. Huyo alikuwa mumewe. Alifyatua matofali kwa mikono yake, akayachoma, akasimamisha kuta zilizonyooka, akaezeka nyasi kwa ahadi kwamba ni za msimu mmoja. Halafu akaugua. Mvua za mwaka ule ziliingia kwa juu. Otilia alisogeza kitanda huku, kukavuja. Akakisogeza kule, kukavuja. Mwishowe akakiacha na kuweka beseni juu ya blanketi, tumboni mwa mgonjwa. Teodori alikuwa analala amelishika beseni kwa mikono miwili lisimwagike. Alikufa kabla mvua hazijakatika. Otilia hakumsimulia mtu habari ya lile beseni, kwa sababu aliiona aibu, na kila alipolikumbuka moyo ulimuuma upya. Mabati yale yalikuwa ni kwa ajili ya beseni lile.

Lakini majirani walikuwa wanauza asali, parachichi na kuku kwa wageni, na Evaristi alishawatangazia kwamba wageni wakikatika, wajue wamekatishwa na nani. Otilia akakubali kusubiri.

Amos alileta masharti. Viti vya plastiki vifichwe. Sola ishushwe. Simu izimwe. Ile fulana ya kampeni, yenye sura ya mgombea aliyeshindwa, isionekane kabisa. Na Otilia asiongee Kiswahili.

"Kwa nini?" aliuliza Otilia, aliyemaliza darasa la saba, anayeimba sauti ya pili kwaya ya kanisani, na anayepatana bei na wafanyabiashara wa soko la Sumbawanga mpaka wanamkimbia.

"Inapunguza uasilia, mama. Wewe ongea Kifipa, mimi nitatafsiri."

Viti vilikwenda kujificha kwa jirani yake Mboje, Msukuma aliyehamia huko na ng'ombe wake. Kutoka kwa Mboje ikaazimwa ngozi ya ng'ombe, ikatandikwa sebuleni. Hivyo ng'ombe wa Kisukuma aliyechinjwa Krismasi iliyopita akawa tandiko la kale la Wafipa.

Wageni walikuja, na wala hawakutoka Ulaya. Walitoka Dar es Salaam, watu wa maofisini waliokuwa wamegundua kutembea kwa miguu na kulipia. Kila mmoja alikuwa na fimbo mbili za chuma, kwenye njia ambayo Otilia aliipanda na mzigo wa kuni kichwani bila kushika chochote. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mchangamfu aitwaye Cornelia. Aliingia akainama, akagusa nyasi za ukingoni, machozi yakamlengalenga.

"Amos, muulize bibi anajisikiaje kuishi kwenye nyumba ya asili kama hii."

Otilia, ambaye alimsikia vizuri kabisa, alisubiri kwa adabu atafsiriwe. Kisha akajibu kwa Kifipa kwamba inavuja, kwamba mabati yapo nyuma ya mlango huo huo alioingilia mgeni, na kwamba Amos amwambie hivyo hivyo.

"Anasema nyasi zinapumua," alitafsiri Amos. "Anasema usiku anasikia sauti za mababu."

Sauti alizosikia Otilia usiku zilikuwa za panya.

"Na zile radi tunazosikia za Sumbawanga?" aliuliza bwana mmoja huku akitazama juu kwa wasiwasi.

"Radi haigusi nyumba ya nyasi," alisema Amos, na safari hii hakujisumbua hata kuuliza.

Otilia, ambaye baba yake aliunguliwa na nyumba ya nyasi kwa radi, alipaliwa akakohoa mpaka akapewa maji ya chupa. Cornelia aliahidi kurudi mwezi wa kumi na kundi kubwa.

Mwezi wa saba ukapita, Evaristi akasema tusubiri wa nane. Wa nane ukapita, akasema wa tisa. Kamati ikaleta nyasi mpya na kuziba paa upande wa mbele tu, upande wa picha. Kwa nyuma, Otilia aliweza kulala chali na kuangalia nyota. Alipomfuata fundi, fundi alikuwa na safari ya ghafla. Wa pili aliumwa mgongo. Evaristi alikuwa ameshawapitia wote.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi simu ililia kutoka Kirando, kule ziwani, alikoolewa binti yake Lucia.

"Mama, nimejifungua salama. Wa kiume. Nimempa jina la baba."

Otilia alikaa chini palepale mlangoni.

"Nakuja kukaa kwako, mama, mpaka nipate nguvu. Bati si umeshaezeka?"

"Njoo, mwanangu," alisema Otilia. "Utakuta tayari."

Usiku ule hakulala. Alimwona Teodori mdogo kitandani, na beseni.

Asubuhi alikwenda kwa Evaristi. Hata kabla hajafungua mdomo, Evaristi alisimama kwa furaha. Kundi la Cornelia linafika mwisho wa mwezi! Litashuka mlimani mchana, likute ngoma na kimpumu, ile pombe ya ulezi inayonyonywa kwa mrija, na mpishi wa kimpumu mwenye jina kitongoji kizima alikuwa Otilia. Kamati itatoa ulezi. Magunia yapo tayari.

"Pombe itoke nyumbani kwangu?" aliuliza Otilia.

"Kwako kabisa. Ndiyo utamaduni wenyewe."

"Na watu niwaalike mimi, kama desturi?"

"Alika kitongoji kizima, Mama Lucia!"

Otilia akasema haya, akaenda zake, na ile shida aliyokuja nayo hakuitaja.

Akaotesha ulezi, akausaga, akapika. Kisha akapita nyumba kwa nyumba kualika, na kila mlango aliwaambia neno moja: pombe yangu ni ya kazi. Hapo hakuhitaji kueleza zaidi. Kwao, mwanamke akipika pombe ya kazi, watu huja na zana. Kwanza inafanywa kazi, ndipo mtungi unafunguliwa, na hakuna mtu mwenye akili zake anayeonja kabla. Hata mahindi ya Evaristi yalilimwa hivyo mwaka hadi mwaka. Na mwito wa namna hiyo haukataliwi, kwa sababu kesho utapika wewe, na utataka watu.

"Kazi gani, Mama Lucia?" aliuliza Mboje.

"Njoo na nyundo. Na vile viti vyangu."

Siku ilipofika, Evaristi alipanda kuwalaki wageni njiani, kwa shati jipya. Aliporudi nao, wamechoka, wana kiu, wameshika simu tayari kwa picha, nyumba ya asili ilikuwa haina paa. Nyasi zote zilikuwa chini. Juu ya kenchi walikaa wanaume wa kitongoji, wakiwemo fundi wa safari ya ghafla na fundi mgonjwa wa mgongo, wanagongelea misumari.

"Shukeni!" alipiga kelele Evaristi. "Nani kawaruhusu? Shukeni mnywe!"

Walimtazama kutoka juu kwa mshangao wa kweli.

"Mwenyekiti," alisema Mboje kwa upole, "pombe hii ni ya kazi. Tutakunywaje haijaisha?"

Evaristi aligeukia mitungi. Aliikaribia, akaizunguka, mkono ukafika nusu ya njia. Wanawake wakamtazama. Watoto wakamtazama. Mwenyekiti wa utamaduni akaurudisha mkono mfukoni.

"Amos," alinong'ona Cornelia, "muulize bibi kuna nini."

Amos alifungua mdomo, lakini safari hii kilichosikika ni Kiswahili cha Otilia mwenyewe.

"Karibuni sana, poleni na mlima. Naezeka nyumba yangu. Mume wangu alikufa humu ndani, ananyeshewa, ameshika beseni tumboni kukinga maji. Kesho anakuja mjukuu wangu, ana jina lake. Pombe ipo nyingi. Ila anayenyanyua bati ndiye anayekunywa."

Cornelia aligeuka, akamtazama Amos.

"Na zile sauti za mababu?"

"Panya, mama," alisema Amos, akiangalia buti zake.

Cornelia aliegemeza fimbo zake ukutani, akakunja mikono ya koti, akashika bati upande mmoja. Bwana wa radi akashika wa pili. Walinyanyua kwa kupinda, wakachanika vidole, wakafurahi kuliko walivyofurahi mlimani. Amos alipanda juu na buti zake. Mwishowe hata Evaristi akaonekana ameshika misumari, kwa sababu kiu haijali cheo.

Mvua ya kwanza ilikuja jioni ileile, mirija ikiwa mitungini. Watu walijazana ndani, kwenye viti vya plastiki. Ilipiga bati kwa kishindo kiasi kwamba hakuna aliyemsikia mwenzake. Otilia alisimama katikati ya chumba, mahali kilipokuwa kitanda cha Teodori, akainua uso akangoja. Halikudondoka hata tone. Alilia pale pale mbele ya wageni, na hakujificha.

Wiki iliyofuata Evaristi alirudi. Lucia alikuwa mlangoni anamnyonyesha mtoto. Mwenyekiti akakaa, akasifu bati, akasifu mtoto, akakohoa.

"Mama Lucia, zile picha zimezunguka mpaka basi! Kundi lingine linakuja Desemba. Hao mlima hawautaki tena, wanataka kuezeka. Sasa kamati imekaa, ikaona... kama tungeweza kuyafungua kidogo. Hata yale ya mbele tu. Wakishaezeka, unabaki nayo yaleyale."

Otilia hakukasirika. Alitazama uani, kwenye jiko lake lililoezekwa nyasi, na nyuma ya jiko, banda la mbuzi, na ng'ambo ya njia, zizi la Mboje lisilo na paa.

"Ya kwangu hayafunguliwi," alisema. "Ila waambie waje. Pombe nitapika. Waje na mabati yao."