Nilipona kansa, lakini nyumbani walininyima jembe

Wakuu, amani kwenu wote.

Mimi ni musichana wa Bihambwe, kule Masisi, niko na miaka kumi na saba. Haya yalinifikia mimi mwenyewe, na Mama anajua kama ninayaandika. Sijaongeza chumvi.

Nikiwa mudogo nilipata kansa ya taya. Uso ulivimba upande mumoja, meno yakaanza kulegea. Walinipeleka Goma, nikatiwa chimio, zile dawa kali za kupitisha mu mushipa. Nywele ziliisha. Nilitapika mpaka nikachukia harufu ya wali.

Kisha uvimbe ukaisha. Dokta akasema nimepona, niwe tu ninarudi kwa kontrole, kupimwa tena.

Watu wanafikiri habari inaishia pale. Kumbe njo inaanza.

Sisi ni watu wa kulima, maharagi na mihogo. Asubuhi wote wanapanda kilima na majembe, mimi ninaambiwa: "Wewe baki, angalia sombe," yale majani ya mihogo yanayopikwa. Nikibeba bidoni ya maji, Mama ananinyang'anya.

Mudogo wangu Aline alichoka kubeba kazi yangu. Siku moja akasema mbele ya wote: "Ugonjwa wake uliisha zamani. Sasa iko uvivu."

Papa alimukaripia. Lakini mimi ningekuwa Aline, ningesema vile vile.

Kanisani nako, ninaimba mu korali kwa nguvu zote, halafu wanaombea "mutoto wetu mugonjwa". Njo mimi!

(Pembeni kidogo: wenye kusema kansa inaambukiza, acheni. Nimelala kitanda kimoja na Aline miaka yote, hana kitu.)

Kilichoniumiza zaidi ni shangazi yangu wa Ngungu. Alikuja ku harusi, akasema watu wakisikia: "Huyu hatazaa. Zile dawa zinachoma tumbo." Mama aliangalia chini.

Mwaka jana nikapata kivimbe chini ya taya, upande ule ule. Kontrole tulikuwa tumeiacha, kwa sababu ya barabara mbaya na masasi ya vita. Mama alikigusa, akaikaa chini mu kiwanja. Papa akaenda kutafuta moto, pikipiki ya kutupeleka Goma. Na mimi, wakuu, niliogopa. Nilifikiria zile sindano zote.

Goma tulipata dokta mwanamke. Akanipima damu, akanipitisha ku ekografi, ile mashine ya kuonyesha ndani ya mwili, akaniangalia mu kinywa. Tukangoja. Akarudi akasema: "Kansa haijarudi. Ni jino limeoza, tezi imevimba kwa sababu yake."

Mama alilia kuliko siku ya kansa yenyewe.

Pale nikapata nguvu. Nikasema: "Papa, Mama, mutoke kidogo. Niko na swali langu." Walishangaa, lakini walitoka.

"Dokta, nitazaa?"

Aliniuliza dawa nilizopata, akaniuliza habari ya mwezi wangu. Akasema: "Wengi waliopata dawa kama zako wanazaa. Sioni kitu cha kukuzuia. Lakini sikuapii. Hata muntu ambaye hakugonjwa siwezi kumuapia."

Lile jibu lilinitosha. Ilikuwa mara ya kwanza muntu kuniambia kweli, bila kunipamba na bila kunizika.

"Na kulima?"

Akacheka, akawaita wazazi: "Huyu mutoto hana ugonjwa. Mumuache afanye kazi kama wengine. Akichoka atapumzika."

Tulipofika Sake, tukisubiri moto, Papa akasema: "Tulikuwa tunaogopa tu, mwanangu."

Nikamujibu: "Papa, mimi nilipona. Ninyi njo mulibaki wagonjwa."

Nilifikiri atakasirika. Aliangalia barabara, akasema: "Ni kweli. Kupona kwetu kutachelewa."

Leo niko na sehemu yangu ya maharagi ku kilima. Siku ya kwanza mikono ilitoka malengelenge, Aline akacheka mpaka akaikaa chini. Kanisani niliomba mwenyewe waniondoe kwa maombi ya wagonjwa.

Nilichojifunza: kontrole musiiache njia ikipitika, lakini mutoto akishapona mumurudishie kazi zake. Na mumupe nafasi ya kuuliza dokta mwenyewe, kuna mambo hawezi kusema mbele yenu.

Mama, mpaka leo, akinisalimia asubuhi anapitisha kidole chini ya taya langu. Ninamuachia.

Wenye walipitia haya, kwenu ilikuwaje? Wazazi wenu walichukua muda gani kupona? Andikeni hapa chini, ninasoma yote.