Goti la Mchochea Makaa

Kila jioni mumewe Naliaka, mchochea makaa wa garimoshi, hunawa mikono mpaka maji yatoke meupe, kisha hupiga goti kando ya jiko, pale mkewe alipochutama, apokee chai. Majirani wa nyumba za reli, Nakuru, humcheka.

Naliaka anajua yalikoanzia. Walipoenda fungate Kampala, mama mwenyeji alipiga magoti kuwaandalia chakula, kama ilivyo desturi ya wanawake wa huko. Bwana harusi akaruka kitini, akapiga magoti naye, na suti yake mpya. Mama alicheka hadi machozi.

Miaka saba sasa, na goti limeanza kumuuma.

“Baba Wamalwa, hapa si Uganda. Kaa kitini nikuletee.”

“Na wewe,” akauliza kwa ile sauti iliyozoea kushindana na injini, “umekaa saa ngapi tangu asubuhi?”