Tonge la Kwanza la Milembe

Milembe alitoka Nkoma alfajiri moja ya kiangazi, mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia, akiwa na sufuria mbili, binti yake Nyanjige mgongoni, na macho mekundu. Macho hayo ndiyo yaliyomtoa. Kuni zilikwisha zamani kule kwao. Alikuwa amepikia mavi makavu ya ng'ombe tangu aolewe, na moshi wake ulimla macho. Lakini mtoto wa jirani alipokufa kwa homa, hakuna aliyeuliza habari za moshi; kwao macho mekundu ni ya mchawi. Walimtazama usoni, wakanyamaza. Milembe, mjane asiye na wa kumsemea, alijua ukimya ule huishia kwenye panga.

Alipofika mjini Bariadi, alipika nje ya ukuta wa jineri, kiwanda cha kuchambua pamba. Madereva wa pamba walikula, wakashiba, wakauliza pa kulala. Akafyatua tofali kwa mikono yake, akajenga chumba kimoja, kisha kingine. Msimu wa nne vilikuwa vinne, na watu waliviita Gesti ya Mayu, yaani ya Mama.

Msimu huohuo Marcelo, mnunuzi wa pamba, aliamka akiumwa tumbo. Mwanamke mmoja aliyeleta pamba kutoka Nkoma alisimama barazani akapaza sauti: "Mnakula kwa huyu? Hayo macho hamyaoni?"

Kufikia adhuhuri vyumba vilikuwa wazi. Wageni walisimama ng'ambo ya barabara na mizigo yao, wakitazama. Alibaki Ngassa peke yake, dereva ambaye lori lake lilikuwa limeharibika.

"Wenzangu wamekimbia, mayu," alisema. "Mimi gari limenikatalia." Alijaribu kucheka, ikashindikana. Ugali na samaki vilikuwa mbele yake, hajavigusa.

Milembe aliitazama sahani ile. Ikirudi jikoni ilivyo, kesho hana gesti, na keshokutwa pengine hana shingo. Hakuwa na mji mwingine wa kukimbilia.

Kwao, mwenye pombe huionja kwanza mbele ya mgeni. Pombe, si ugali. Kuonja ugali ni kukiri kwamba unashukiwa. Alipiga magoti, akamega tonge kwenye sahani ya Ngassa, akachovya, akameza, kisha akageukia barabara na kuufungua mdomo wazi, kama ng'ombe anayekaguliwa meno mnadani.

"Umeona, baba?"

"Nimeona, mayu. Sasa toa mkono, utanimalizia samaki."

Mtu mmoja ng'ambo alicheka. Jioni watatu walirudi. Marcelo alipopona alirudi pia, akakaa, akasukuma sahani mbele. "Na mimi nionjee."

Walirudi wote, lakini hakuna aliyekula kabla yake. Daktari aliyempima alisema wekundu wa macho ni wa moshi. Hakuna aliyemsikiliza. Vyumba vikafika kumi na viwili, likaja jiko la gesi, na Milembe bado alipiga magoti. Aliishi kwa matonge ya sahani za wengine. Mpaka anazikwa, hakuna aliyewahi kumwona amekaa mbele ya sahani yake mwenyewe.

Leo gesti ni ya Nyanjige, na mpishi bado humega tonge la kwanza. Wageni wa Dar hupiga picha. "Jamani, ukarimu wa Wasukuma!"

"Karibuni," Nyanjige hujibu. Siku ile ya tonge la kwanza alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, akauona mdomo wa mama yake ukiwa wazi. Huwatazama wageni mpaka waanze kula, kisha macho yake huenda yenyewe ng'ambo ya barabara.