Watano wa Verlene Hagedorn

Watu wa Marlow husema Verlene Hagedorn alinyonya hasira kwa mama yake. Si kweli. Mama yake alikuwa mpole mpaka anaudhi. Hasira Verlene alizipata mwenyewe, kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu wa Chuo cha Marlow, akiwatukana marefa tangu enzi ambazo wachezaji walivaa kaptula fupi. Timu yetu inaitwa Bundi, na hapa kusini mwa Indiana hakuna anayeona mkosi ndani yake. Bundi wamechorwa kwenye tangi la maji, kwenye mlango wa benki, na kwenye mkono wa kushoto wa mchungaji.

Alifanya kazi kiwanda cha samani, akipiga msasa miguu ya viti, mpaka bega likamkatalia. Mume alikufa. Binti alikwenda Florida na mwanamume ambaye Verlene hamtaji jina, akamwachia mtoto, Garrett. Verlene akamfundisha mpira kwenye pete iliyopigiliwa juu ya mlango wa gereji. Siku chuo kilipompa Garrett jezi ya Bundi, Verlene alilia kanisani, kisha akamfokea aliyempa kitambaa. Miaka mitatu imepita, na Garrett bado anaipasha moto benchi.

Sasa, hapa kwetu msimu ukiisha tuna desturi yetu. Jumapili baada ya ibada mashabiki hukutana mkahawa wa Schnell, na kila mmoja husimama akataja watano anaoamini wataanza mechi ya kwanza msimu ujao. Hakuna kuandika, mashahidi wanatosha. Atakayekosea kuliko wote huvaa jezi ya mahasimu siku ya ufunguzi, ukumbi mzima ukimzomea. Zamani ilikuwa kazi nyepesi, kwa sababu kijana akija Marlow alikaa mpaka amalize masomo. Siku hizi wanahama chuo hadi chuo kama wapangaji. Kila machipuko timu inamwagwa na kujazwa upya, na mtu anataja watano ambao hajawahi kuwaona hata wakifunga kamba za viatu.

Mwaka huu alianza Delmar Kress, fundi bomba, mtu ambaye hata akinong'ona anasikika jikoni.

"Yule Mlithuania wa futi saba," alisema, akihesabu kwa uma. "Mapacha wa Texas, wote wawili. Yule anayetoka Memphis. Na yule dogo wa Ohio, mwenye mikono ya pweza. Nimemaliza!"

Wakasimama wengine. Walibishana kuhusu pacha yupi anajua kupiga mpira wa mbali, wakabishana kama Mlithuania atakula chakula chetu au atakonda. Verlene alikuwa na steki ya nguruwe mbele yake, ile ya kukaangwa inayozidi mkate pande zote, na hakuigusa. Zamu ilizunguka meza nzima. Jina la Garrett halikutoka kinywani mwa mtu.

"Na Garrett?" akauliza.

Joyce Ann, rafiki yake wa kiwandani, akaanza kupangusa meza iliyokuwa safi.

"Aa, Garrett!" alisema Delmar, na sauti yake ikawa laini ghafla. "Garrett mtoto wetu, Verlene. Kijana mzuri sana. Kila timu inahitaji kijana mzuri."

Angemtukana ingekuwa afadhali. Tusi Verlene angelijibu. Huruma hakujua aishike wapi.

"Kijana mzuri ni wa kubeba majeneza, Delmar! Huyu mlimpigia makofi akiwa anasoma hapo shule ya mtaani. Mlipiga picha naye! Leo wamekuja wageni, na hamjui hata majina ya mama zao, mnawapa kiti chake? Mgeni njoo mwenyeji apone, sivyo? Hapa mwenyeji anang'olewa meno!"

"Mama, huu ni mchezo tu," alisema Delmar. "Haya, tutajie watano wako."

Wote walimtazama. Verlene hakuwahi kukataa kutaja watano wake, na mara nyingi alipatia. Alifungua kinywa, akakifunga. Akachukua mkoba wake.

"Nitawataja nikitaka," alisema, akatoka na kuubamiza mlango wa watu.

Alifika nyumbani, akawasha mashine ya kukata nyasi akiwa bado na gauni la kanisani na viatu vyake vya kisigino. Alikata nyasi kama anamnyoa Delmar. Alimlaani Delmar, akamlaani kocha, akailaani sheria inayowaruhusu wachezaji kuhama, na alipofika kwenye uzio akamlaani Mlithuania, ambaye pengine wakati huo alikuwa amelala zake hajui hata Marlow iko upande gani wa dunia. Lakini chini ya laana zote kulikuwa na kitu kimoja kilichomchoma zaidi. Pale Schnell alifungua kinywa ataje watano, na waliomjia ulimini walikuwa walewale wa Delmar.

Garrett alimkuta amefika kwenye waridi. Akauzima mtambo.

"Bibi, umeyakata maua."

"Yalikuwa njiani."

Garrett alicheka kidogo, kisha akakaa kwenye ngazi. "Kuna chuo kimenipigia. Kidogo tu, huko Dakota Kusini. Wananitaka nianze. Kesho wanataka jibu."

"Dakota Kusini! Kuna watu huko?"

"Bibi."

"Na kocha wako anasemaje?"

"Anasema nitapigania nafasi."

"Anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mjinga yule!"

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako." Akamtazama. "Nikibaki ni mwaka wangu wa mwisho, na nikikaa benchi tena, basi, mpira wangu umeishia hapo. Ukiniambia nitaanza, nabaki. Nitajie watano wako."

Verlene alitamani aendelee na nyasi. Kulitaja jina moja tu kungetosha. Angebaki naye mwaka mzima, kila Jumapili mezani, ale kisha alale sebuleni na soksi zake chafu. Lakini alikuwa ameitazama ile miguu tangu ilipoanza kutembea. Garrett alimkaba mtu vizuri kwa pasi ya kwanza. Ya pili ikija, alikuwa amechelewa, kila mara, na hakuna mazoezi yaliyokuwa yameliponya hilo. Vijana wa Marlow wa sasa wangempita. Vijana wa Dakota Kusini labda wasingeweza.

"Mlithuania," alisema. Sauti ilimtoka kama anagombana. "Mapacha. Yule wa Memphis."

Garrett alisubiri la tano.

"Na dogo wa Ohio. Basi! Umesikia? Basi!"

Garrett aliitikia kwa kichwa polepole. "Asante, Bibi."

"Usinishukuru! Ukinishukuru nitakupiga na hiki kiatu!"

Garrett alimkumbatia, Verlene akimpiga mgongoni kwa ngumi, na si kwa mzaha.

Jumapili iliyofuata habari ilikuwa imefika Schnell kabla ya kahawa. Verlene aliingia akamkuta Delmar amesimama, anahutubia.

"Watoto wa siku hizi hawana uaminifu, nawaambia. Mtoto wa hapahapa! Mji umemlea, mji umempenda, leo anatukimbia. Hata haya hana."

Joyce Ann alimvuta shati. Akachelewa.

"Rudia," alisema Verlene.

"Verlene, sikukuona..."

"Rudia! Wiki iliyopita mlisimama hapa mmoja mmoja. Mlitaja wa Texas, mlitaja wa Ohio, mkavuka bahari kumtafuta mtu wa kumtaja. Kuna aliyemtaja Garrett? Wewe ulimtaja? Wewe?" Alikuwa anaelekeza kidole kutoka uso mmoja hadi mwingine. "Hamkuwa na nafasi yake, halafu akienda mnasema kawakimbia! Kawakimbia akitoka wapi? Mlitaka akae pale benchi muwe na wa kumwonea huruma?"

Delmar alikaa. "Tulidhani wewe ungemzuia, mama."

"Mimi ndiye niliyemwambia!" Sauti ilipasuka, na machozi yakaja pamoja na hasira, naye hakuyapangusa. "Aliniuliza watano wangu uso kwa uso, nikamtajia. Nyie mnajua kubahatisha mbele ya chai. Mimi nilimtajia mtoto wangu. Haya, niulizeni! Si mlikuwa mnawataka watano wangu? Niulizeni!"

Hakuna aliyemuuliza.