Tunda la Adija

Pale Mnyambe walimwita Mwalimu Mhindi, tena mbele ya uso wake. Yuster alikuwa Mmakua wa Masasi, binti wa katekista, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya Kianglikana, na kwao hakuna aliyewahi kuwa na damu ya Kihindi hata tone. Lakini serikali ilimpeleka India kusomea shahada ya ualimu, akarudi hashiki fimbo, na kwa watu wa uwanda wa Makonde hilo lilitosha kabisa. Mwanzoni jina lilimuudhi. Baadaye akalizoea, na baadaye zaidi, tuseme ukweli, akaanza kulionea fahari.

Fimbo alikuwa na sababu ya kuichukia. Alisoma shule ya msingi chini ya mwalimu aliyeamini kwamba hesabu huingia kwa maumivu, na siku moja alikinga bakora kwa mkono. Kidole chake cha mwisho hakikunyooka tena. Mpaka ukubwani, alipoandika ubaoni, kidole hicho kilikaa upande peke yake, na watoto wapya waliulizana kwa minong'ono kimepatwa na nini.

Kwa hiyo alipofika Gujarati, huko India, na kuingia darasa la falsafa ya elimu la Mama Hansaben, alikuwa kama mtu aliyekuwa akisubiri kuambiwa jambo fulani maisha yake yote. Hansaben alikuwa mama mfupi, mjane, mwenye sari ya pamba na kandambili za mpira, na alifundisha akiwa ameketi. Aliwaeleza mambo ya dini yake ya Kihindu bila kumshawishi mtu aiingie. Alisema nuru iliyomo ndani ya Mungu ndiyo iliyomo ndani ya kila kiumbe, ila imefunikwa na ujinga, na mwalimu kazi yake ni kufunua tu. Anayemchapa mtoto anaichapa nuru hiyo. Alisema ukweli ndiye Mungu mwenyewe, wala si amri yake mojawapo. Na alisema mtu aufanye wajibu wake kwa moyo wote, kisha aliachie tunda lake, asiling'ang'anie wala kuliota usiku. Yuster alilia siku ile. Wenzake wakadhani kakumbuka nyumbani.

Aliporudi alimweleza Padri Stefano wa Masasi, akiogopa kidogo kuonekana amepotea njia. Padri alimsikiliza mpaka mwisho akifuta miwani. "Mwanangu," alisema, "wazee wetu hapa walilichukua jando la babu zao wakalitia msalaba, na kanisa lipo mpaka leo. Chukua lililo jema. Ila angalia, kitu kinapotoka mbali huwa tunakisikia nusu." Yuster alishukuru kwa yote mawili, akalibeba la kwanza na kuliacha la pili pale pale barazani.

Akapangiwa kufundisha huku juu, Mnyambe, Wilaya ya Newala, shule ambayo hatutaitaja jina. Alipewa darasa la saba. Na lazima isemwe kwamba kwa mwaka ule mmoja darasa lile lilikuwa kitu cha ajabu. Watoto waliozoea kuitikia kwa pamoja kama wako msibani wakaanza kuuliza. Kwa nini korosho inapuliziwa salfa na embe haipuliziwi? Kwa nini maji yako bondeni na sisi tuko juu? Yuster hakuwajibu, aliwarudishia swali. Sheria ilikuwa moja tu darasani kwake: usiseme jibu ambalo si lako. Kama hujui, sema sijui, au acha wazi, tutafute pamoja. Jibu la kubahatisha, aliwaambia, ni uongo hata likiwa sahihi.

Aliyeishika sheria ile kuliko wote alikuwa Adija.

Adija alichelewa kuanza shule, kwa hiyo alikuwa msichana mkubwa, amekwisha kuchezwa unyago, na kwao habari zake zilikuwa zimeanza kuzungumzwa. Baba yake, Abdulatifu, mkulima wa korosho, hakuwa mtu mbaya. Alikuja shuleni mwanzoni mwa mwaka akiwa amevaa kanzu safi, akamwamkia Yuster vizuri, akasema wazi. "Mwalimu, kuna mtu Masasi amemtaka huyu mtoto. Ana mikorosho, ana mke mmoja, ana uwezo. Mimi nimemwambia asubiri. Adija akipita, nitampeleka sekondari, na yule nitamwambia hapana. Asipopita, sina cha kumwambia. Nakukabidhi."

"Atapita, Baba Adija," Yuster alisema, na alisema kwa kuamini, maana hakuwahi kufundisha mtoto mwenye akili kama yule.

Basi hilo ndilo lililokuwa mezani tangu siku ya kwanza, na Yuster alilijua. Hakuna wa kusema hakujua.

Ilipofika wakati wa kambi, shule zote za jirani ziliwakusanya watoto wa darasa la saba walale shuleni, wapikiwe makande na kukaririshwa maswali ya miaka iliyopita kutoka alfajiri. Yuster alikataa. Alisema kambi ni ghala la kushindilia. Mwalimu mkuu, Mwalimu Alfredi, mtu mpole mwenye tumbo la vidonda, alimwachia, kwa sababu shahada ya India ilimtisha kidogo. Lakini mtihani wa majaribio uliporudi alimwita ofisini akafunga mlango.

"Mwalimu, hawa watoto wanaacha wazi."

"Wanaacha wasiyoyajua, Mkuu."

"Mtoto mzima ameacha ukurasa karibu mzima! Maswali ya kuchagua, mwalimu. Herufi ziko pale zinamtazama. Atie kivuli moja tu, bahati yake!"

"Nimewafundisha wasidanganye."

Alfredi alikanda tumbo lake. "Kuna mtu atadanganywa pale? Inasahihisha mashine. Waambie neno moja tu: jazeni. Wewe wanakusikiliza, mimi hawanisikilizi."

Yuster alisema atafikiri. Akafikiri, kama mtu anavyofikiri jambo ambalo jibu lake amekwisha kulipenda. Akasema, ofisini na hata darasani, kwamba wajibu wake ni kufundisha kweli, na matunda yake hayatazami. Neno hilo lilimkaa moyoni vizuri sana. Lilimpa usingizi. Wala hakujiuliza kwa nini neno gumu kama lile, lililowagharimu watu wa kale maisha yao, kwake limekuwa laini kama mto wa kulalia.

Siku moja kabla ya mtihani wa taifa, Alfredi akaamua kulisema mwenyewe. Akawapanga watoto paredi, upepo wa Septemba ukiwapigapiga sketi, akapaza sauti: "Kesho hakuna kuacha wazi! Hulijui swali? Tia kivuli popote! Mashine haikuulizi umelipataje! Tumeelewana?"

"Ndiyo, mwalimu!"

Watoto wengi waliitikia kwa furaha, kama waliofunguliwa zizi. Adija hakuitikia. Aligeuza kichwa, akamtafuta Yuster aliyekuwa amesimama na walimu wengine karibu na mlingoti, akamtazama moja kwa moja. Yuster aliyaona macho yale. Alijua yanauliza nini. Ingetosha kuitikia kwa kichwa. Lakini kuitikia pale kungekuwa kukiri mbele ya Alfredi na walimu wote waliomcheka kwa kukataa kambi kwamba mwaka mzima alikuwa akiwalisha watoto wa watu upepo. Akasimama kimya. Akajiambia hamkatazi mtoto, wala hamwamrishi, anamwachia achague. Huo, alijiambia, ndio uhuru.

Mtu wa Gujarati angeweza kuuona ukimya ule kuwa uhuru. Huku juu msichana aliyetoka unyagoni anafundishwa kusoma uso wa mkubwa. Kungwi wake humwambia haulizi mara mbili; anauliza kwa macho, na mkubwa akinyamaza, jibu ni hapana. Yuster, mtoto wa kanisa, aliyafahamu hayo kwa kuyasikia tu. Adija aliyafahamu mwilini. Alirudisha kichwa mbele, akatulia.

Mtihani ukafanyika. Walimu wa shule nyingine wakaja kusimamia, Yuster akabaki nyumbani akifua. Korosho zikaanza kuanguka, watu wakahamia mashambani, na watoto wa darasa la saba wakawa tena watu wa kuokota. Matokeo yalipotoka, Alfredi ndiye aliyeyafungua kwenye simu yake, akamwonyesha Yuster. Shule ilikuwa karibu na mkiani kiwilaya. Twahiru, aliyekuwa bado anasoma kwa kufuata mstari na kidole, alikuwa amepata C. Alijaza vyote, alisema baadaye, tena kwa kufuata mchoro mzuri, kama anayesuka mkeka. Adija alikuwa na D. Hakupita.

"Si yeye," Yuster alisema. "Wamekosea."

"Hawajakosea," Alfredi alisema. Halafu, kwa kuwa alikuwa mpole, akatoka akamwachia ofisi.

Siku iliyofuata alikwenda kwa Abdulatifu kwa miguu, akipita katikati ya mikorosho, akipanga maneno. Alikuta mikeka imeanikwa korosho uani. Shakila, mama yake Adija, alikuwa akichambua. Hakuinuka.

"Hodi hapa. Habari za kazi, Mama Adija."

"Nzuri. Karibu, mwalimu. Baba yake yumo."

Abdulatifu alimpa kiti, yeye akakaa kwenye kinu kilicholazwa. Yuster alisema yote aliyoyapanga: kwamba mtoto ana akili kuliko wote, kwamba kuna shule za binafsi, kuna vyuo vya ufundi, kwamba yeye mwenyewe yuko tayari kumchukua Masasi akae kwao. Abdulatifu alisikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza hata mara moja. Afadhali angemkatiza.

"Mwalimu," alisema, "yule mtu alisubiri. Wazee walisikia nikisema mtihani ndio utakaoamua. Leo nigeuke niseme mtihani haujui? Wewe ni mtu wa serikali, mtihani ni wa serikali. Mimi nishike lipi?"

Shakila akasema kutoka uani, bila kuacha kazi yake: "Watoto walituambia wewe huwa hutazami matunda, mwalimu. Sisi tulikuwa tunayatazama. Tulikuwa na hilo moja tu."

Hapo, kwenye kiti cha watu, ndipo Yuster alipomsikia Hansaben vizuri kwa mara ya kwanza. Yule mama alikuwa amesema mtu aliachie tunda lake. Lake. Hakuwahi kusema tunda la mtoto wa mwenzako nalo ni lako kuliachia. Kosa halikuwa la Wahindu wala la dini yao. Yeye ndiye aliyechukua neno la kujinyima akamnyima nalo mtu mwingine, na akalala vizuri.

Aliomba kuzungumza na Adija. Walimruhusu. Msichana alikuwa nyuma ya nyumba akitwanga, kitenge kimefungwa kifuani, na alipomwona mwalimu aliweka mchi chini, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Adija, uliacha wazi?"

"Yale nisiyokuwa na hakika nayo, ndiyo."

"Na yale uliyokuwa na hakika kidogo?"

"Kidogo si hakika, mwalimu. Ulisema." Hakulisema kwa lawama. Alilisema kama mwanafunzi anayekumbusha kanuni. "Mwalimu mkuu aliposema tujaze, nilikutazama. Ukanyamaza. Nikajua hutaki."

Yuster alitaka kusema kwamba kunyamaza kwake hakukuwa na maana hiyo.

"Mwalimu, naomba kuuliza," Adija alisema. Hata sasa aliinua mkono kidogo, mkono wenye pumba za mtama, kama wako darasani. "Kama ungekuwa na mtoto wako wa kumzaa pale paredi, angekutazama, ungenyamaza?"

Kulikuwa na majibu mengi ya kubahatisha, na mengine yangemfariji yule msichana, na mengine yangemfariji mwalimu wake.

"Hapana," Yuster alisema. "Ningemwambia ajaze."

Adija alimtazama, akiliingiza jibu lile mahali pake, polepole, jinsi alivyokuwa akifanya darasani alipokuwa na hakika kwamba amelielewa jambo.

"Ahsante, mwalimu," alisema. Akaokota mchi, akaendelea kutwanga, na hakuinua macho tena.