Fungu la Makopo Uwanjani

Jumamosi, saa za salongo, watu wote wakifagia mji, nilipita chuo kimoja hapa Bukavu. Wanafunzi walikuwa wamemwaga mapipa yote uwanjani ili wamwonyeshe profesa wao ni takataka gani inaweza kutumika tena. Makopo wakayapanga chini mafungu madogo madogo, chupa vilevile.

Hapo walikosea. Kwetu, kitu kikipangwa fungu chini, kinauzwa.

Maman mmoja aliyetoka sokoni akatua kitunga chake, akachuchumaa mbele ya mwanafunzi mmoja.

“Papa, hii fungu ni ngapi?”

“Haiuzishwe, maman. Iko takataka.”

“Takataka unaipanga muzuri hivi? Punguza tu bei!”

Wamaman wengine wakajaa. Mwanafunzi akamnong'oneza mwenzake, “Profesa akija, tutamuonyesha nini?”

“Tutamuonyesha hawa bamaman.” Mwenzake akainua kopo juu. “Karibuni! Ni bure!”

Profesa alikuta uwanja hauna kopo wala chupa. Walipomweleza, alicheka mpaka akavua miwani.

Maman yule wa kwanza tu ndiye hakucheka. Kitunga kimejaa makopo, hajalipa kitu, na bado alikuwa amesimama pale, mkono wazi, anadai nyongeza yake ya mnunuzi:

“Na matabisi yangu?”

Haki yake. Bure isiyo na matabisi ni ghali.